Kiunzi Kipya cha Programu za Wavuti: Lini Kinastahili Kujifunzwa?

Na Mwandishi Wetu, Manyara

Kila mwaka hutoka viunzi vipya vya kutengenezea programu za wavuti, na kila kimoja huja na sifa ya kuwa chepesi na cha kisasa kuliko vilivyotangulia. Kwa kijana wa Katesh, Dongobesh au Haydom anayejifunza kazi hii kwa kompyuta moja na kifurushi cha data anachokilipia mwenyewe, kuchagua kipi ajifunze ni uamuzi wa miezi kadhaa ya maisha yake. Kwa halmashauri, zahanati, shule au chama cha ushirika kitakachoutumia mfumo huo, ni uamuzi wa miaka.

Makala haya yanaeleza kiunzi ni nini, kwa nini baadhi ya viunzi hupotea na vingine hudumu, na vigezo gani vitumike kupima kipya kinachotangazwa. Yamekusudiwa vijana wanaojifunza utengenezaji wa mifumo katika Wilaya za Mbulu na Hanang', pamoja na watendaji wanaopokea mifumo hiyo kwa niaba ya wananchi.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kiunzi kipya kinastahili kujifunzwa na mtu ambaye tayari ana misingi ya kazi na anataka kupanua uwezo wake. Hakistahili kuwa somo la kwanza. Aidha, hakistahili kubebeshwa huduma ya umma kabla ya kufahamika ni nani atakayekitunza pindi mtengenezaji wa kwanza atakapoondoka.

Maana ya kiunzi

Programu ya wavuti ni ile inayofunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta, huku taarifa zake zikihifadhiwa kwenye kompyuta nyingine inayoitwa seva. Karibu kila programu ya namna hii ina kazi zinazofanana: kupokea ombi la mtumiaji, kuhakiki jina lake na nywila, kusoma na kuandika kwenye kanzidata, kukagua fomu iliyojazwa na kurudisha ukurasa unaosomeka.

Fundi anayejenga nyumba haanzi kwa kufua misumari yake mwenyewe. Vivyo hivyo, mtengenezaji wa mifumo haandiki upya kazi hizo za kila siku. Huchukua kiunzi, yaani mkusanyiko wa misimbo na kanuni za mpangilio ulioandaliwa na wengine, kisha huongeza yale yanayohusu mfumo wake pekee. Wataalamu wengi hukiita kiunzi kwa jina la fremuweki.

Viunzi viko vya aina mbili kuu. Vipo vinavyofanya kazi upande wa seva, kama vile Ruby on Rails kilichotolewa 2004, Django kilichotolewa 2005 kwa lugha ya Python, na Laravel kilichotolewa 2011 kwa lugha ya PHP. Vipo pia vinavyofanya kazi zaidi ndani ya kivinjari kwa lugha ya JavaScript, kama React kilichotolewa na kampuni ya Facebook 2013, Vue kilichotolewa 2014 na Svelte kilichotolewa 2016. Katika miaka ya karibuni vimeongezeka vingine, kama Astro, vinavyojaribu kurudisha sehemu kubwa ya kazi kwenye seva ili simu ya mtumiaji isielemewe.

Mwelekeo huo wa mwisho una somo ndani yake. Kutuma ukurasa uliokwisha kuandaliwa kutoka kwenye seva ndiyo njia iliyotumika tangu wavuti ulipoanza. Jambo linalotangazwa leo kuwa jipya mara nyingi ni wazo la zamani lililopewa zana bora zaidi.

Kinachopita na kinachobaki

Mfano unaofahamika zaidi wa kiunzi kilichopita ni AngularJS, kilichotolewa na kampuni ya Google 2010. Kwa miaka kadhaa kilikuwa miongoni mwa viunzi vilivyotafutwa sana na waajiri. Mwaka 2016 Google ilitoa Angular mpya iliyoandikwa upya kwa namna ambayo mfumo wa zamani haukuweza kuhamia bila kazi kubwa. Mwisho wa Desemba 2021, huduma ya kurekebisha kasoro za AngularJS ilifungwa. Mfumo wowote uliobaki juu yake ulibaki bila mtunzaji wa uhakika.

Athari ya mabadiliko hayo ilifika hadi kwenye mifumo inayotumika vijijini. Taarifa za zahanati na vituo vya afya vya Mbulu na Hanang', ambazo kwa miaka mingi zimejazwa kwenye vitabu na fomu za MTUHA, huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Mfumo huo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na nchini Tanzania umeendelezwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upande wa seva wa DHIS2 umeandikwa kwa lugha ya Java na kiunzi cha Spring, ambacho kimekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Upande wa kioo anachokiona mtumiaji umebadilika zaidi ya mara moja: sehemu ya kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja iliwahi kujengwa kwa AngularJS, kisha ikaandikwa upya kwa React.

Katika mabadiliko hayo yote, mambo ya msingi hayakubadilika. Mama aliyehudhuria kliniki ni yule yule. Chanjo inayohesabiwa ni ile ile. Ngazi za kukusanya taarifa bado ni kituo, halmashauri, mkoa na taifa. Mtaalamu aliyeelewa jinsi taarifa hizo zinavyopangwa kwenye kanzidata, na jinsi mfumo mmoja unavyouomba mwingine taarifa kupitia wavuti, alihama kutoka kiunzi kimoja kwenda kingine akiwa na sehemu kubwa ya ujuzi wake. Aliyejua AngularJS peke yake alilazimika kuanza karibu na mwanzo.

Mfano wa pili unatoka ndani ya Wilaya ya Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa 1955, ni miongoni mwa hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zilizotumia Care2X, mfumo huria wa taarifa za hospitali ulioanzishwa 2002 na Elpidio Latorilla. Care2X uliandikwa kwa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL, kabla ya viunzi vingi vinavyosifiwa leo kuzaliwa. Nguvu yake ilikuwa katika mambo mawili: msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, na PHP ilikuwa lugha iliyofahamika kwa mafundi waliopo nchini. Kwa sababu hiyo uliweza kurekebishwa ulingane na mazingira ya hospitali za Tanzania.

Mfano huo usichukuliwe kuwa ukale ni salama daima. Toleo la PHP 5.6, lililotumika katika mifumo mingi ya wakati ule, liliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Mfumo unaoachwa kwenye toleo la namna hiyo ni mlango usio na komeo, hata kama unafungua kurasa vizuri kila asubuhi. Swali la msingi, kwa kiunzi kipya na cha zamani, ni kama kuna mtu anayeendelea kukitunza.

Mawazo nayo hudumu kuliko zana. Utaratibu wa kutenganisha taarifa, mwonekano na uendeshaji, ambao Rails, Django na Laravel vyote vimeufuata kwa namna moja au nyingine, ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Trygve Reenskaug, raia wa Norway, alipokuwa katika maabara ya Xerox nchini Marekani. HTML ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, JavaScript na PHP zilitoka 1995, na lugha ya SQL ya kuhojia kanzidata ilianza miaka ya 1970. Kijana anayewekeza muda wake katika mambo haya anajifunza vitu ambavyo vimekwisha kupita mtihani wa miongo kadhaa.

Uzito wa ukurasa na hali ya mtandao

Kigezo cha pili ni mzigo ambao kiunzi humtwisha mtumiaji. Viunzi vya upande wa kivinjari hutuma msimbo mwingi kwenye simu kabla ya ukurasa kuonekana. Kwa mtu aliye mjini mwenye simu yenye nguvu, tofauti huenda isionekane. Kwa mtumiaji aliye mbali na mnara, tofauti ni kubwa, na inaweza kukokotolewa.

Chukua mtandao unaopitisha kilobiti 200 kwa sekunde, kasi ya kawaida pale simu inaposhuka hadi mtandao wa kizazi cha pili. Ukurasa wenye uzito wa kilobaiti 200 ni sawa na kilobiti 1,600, hivyo utafika kwa takriban sekunde 8. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 2, ambao ni wa kawaida kabisa kwenye wavuti wa leo, utahitaji takriban sekunde 80. Watu wachache husubiri kiasi hicho. Na kila anayesubiri hulipia megabaiti hizo kutoka kwenye kifurushi chake.

Jiografia ya wilaya hizi mbili inaongeza uzito wa hoja hiyo. Mbulu imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikiwa na miinuko, makorongo na bonde la Yaeda; Hanang' imetawaliwa na Mlima Hanang', unaozidi mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya simu hayapiti sawasawa katika ardhi ya namna hii. Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini Mei 2023 mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini nchini, na hali ya mawasiliano inaendelea kuimarika. Hata hivyo, mfumo hutengenezwa kwa mtandao uliopo leo.

Suala hili si la urahisi tu. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya mawe, magogo na tope kutoka Mlima Hanang' yaliupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika saa za namna hiyo watu wengi hutafuta taarifa kwa wakati mmoja: ndugu yuko wapi, barabara ipi inapitika, msaada unatolewa wapi. Simu zina chaji ndogo na mtandao umeelemewa. Ukurasa wa maandishi matupu wenye uzito wa kilobaiti chache unaweza kufunguka. Ukurasa unaosubiri msimbo mzito upakuliwe kwanza unaweza usifunguke kabisa. Mtengenezaji wa mfumo wa huduma ya umma anapaswa kuipima kazi yake kwa hali ya siku kama ile.

Kwa baadhi ya huduma, jibu sahihi ni kutotumia wavuti kabisa. Serikali hutoa huduma mbalimbali kupitia namba *152*00#, ambayo hufanya kazi hata kwa simu ya kitochi isiyo na intaneti. Kijana anayebuni huduma kwa wafugaji wa Basotu au kwa jamii ya Wahadzabe wa Yaeda Chini ajiulize kwanza kama watumiaji wake wanamiliki simu janja. Kama hawana, ubora wa kiunzi hauna maana.

Jina la wilaya kama kipimo

Kipo kipimo chepesi ambacho kila anayejifunza katika eneo hili anaweza kukifanya: mfumo unalipokeaje jina la Hanang' likiwa limeandikwa kwa usahihi, pamoja na ritifaa yake ya mwisho?

Katika lugha ya SQL, ritifaa ndiyo alama inayoonyesha mwanzo na mwisho wa maneno yanayohifadhiwa. Mtengenezaji asiye makini huunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya kanzidata. Mtumiaji anapoandika Hanang', ritifaa hiyo hufunga sentensi mahali pasipotakiwa, na mfumo hutoa hitilafu. Ndivyo inavyokuwa pia kwa kila mwananchi ambaye jina lake lina sauti ya ng', kama ilivyo katika neno ng'ombe.

Tatizo halikomei kwenye hitilafu. Pengo hilo hilo ndilo linalotumiwa na wahalifu kuingiza amri zao kwenye kanzidata, wakasoma au kufuta taarifa za watu. Mfumo unaoshindwa kupokea jina la wilaya, kwa sababu hiyo, unaweza kuwa pia mfumo ulio wazi kwa wezi. Django, Laravel na viunzi vingine vilivyokomaa huzuia kosa hili kwa kutenganisha amri na maneno ya mtumiaji, alimradi mtengenezaji atumie njia iliyoelekezwa. Hii ni mojawapo ya sababu kubwa za kutumia kiunzi badala ya kuandika kila kitu peke yako. Pia ni sababu ya kuelewa SQL kabla ya kiunzi, kwa kuwa asiyeijua hatafahamu lini ameikwepa kinga hiyo.

Kipimo cha pili kinatokana na Kiiraqw, lugha inayozungumzwa na wakazi wengi wa Mbulu. Katika maandishi ya lugha hiyo, mkwaju (/) hutumika kama herufi inayowakilisha sauti ya kooni. Katika anwani za wavuti, mkwaju hutenganisha sehemu moja ya anwani na nyingine. Mfumo unaotengeneza anwani za kurasa kutokana na majina ya watu au mahali unapaswa kulijua hilo, la sivyo ukurasa wa mtu hautapatikana. Mafunzo mengi ya viunzi huandikwa na watu ambao hawajawahi kukutana na herufi hiyo. Kazi ya kupima ni ya aliye karibu na watumiaji.

Uzembe katika taarifa za watu una uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa binafsi azilinde. Wajibu huo hauondolewi na maelezo kwamba kiunzi kilichotumika kilikuwa kipya na bado kina kasoro.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuanza kujifunza

Kijana anayesikia sifa za kiunzi kipya anashauriwa kukipitisha katika maswali yafuatayo.

Kwanza, kinatatua tatizo gani ambalo ninalo? Viunzi vingi hubuniwa na kampuni zenye mamilioni ya watumiaji ili kutatua matatizo ya ukubwa huo. Daftari la wanachama mia mbili wa chama cha ushirika halina tatizo hilo.

Pili, nani anakitunza, na kwa muda gani? Miradi iliyokomaa hutangaza mapema muda wa kila toleo. Django huwa na matoleo maalumu yanayopewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu. Laravel hutoa marekebisho ya usalama kwa miaka miwili kwa kila toleo kuu. Kiunzi kinachotegemea mtu mmoja, kisicho na ratiba ya namna hiyo, kinafaa kwa majaribio tu.

Tatu, nani mwingine anakijua? Kama hakuna mtu mwingine Mbulu, Babati au Arusha anayeweza kuufungua mfumo wako na kuuelewa, umeitengenezea taasisi utegemezi kwako. Ukipata ajira mahali pengine, mfumo utakufa.

Nne, nyaraka zake zinapakulika? Anayelipia data kwa siku ananufaika na nyaraka zinazoweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Baadhi ya zana za JavaScript hupakua makumi hadi mamia ya megabaiti kabla mstari wa kwanza wa mradi haujaandikwa. Gharama hiyo ijumuishwe katika hesabu ya kujifunza.

Tano, mfumo utakaojengwa juu yake unaweza kusomana na mingine? Serikali imeelekeza mifumo yake isomane, yaani ibadilishane taarifa bila mwananchi kulazimika kuzijaza upya kila ofisi. Kiunzi kisichorahisisha kazi hiyo hakina nafasi katika huduma ya umma.

Sita, nikikiacha baada ya miaka miwili, nitabaki na nini? Kama jibu ni uelewa mpana zaidi wa JavaScript, wa usalama au wa kanzidata, muda haukupotea. Kama jibu ni amri za kukariri zisizofanya kazi mahali pengine, ni vyema kusubiri.

Mpangilio wa kujifunza

Kwa anayeanza, mpangilio unaofaa ni HTML na CSS kwanza, kisha JavaScript, kisha namna kivinjari na seva zinavyowasiliana, kisha SQL, pamoja na zana ya Git ya kutunza historia ya kazi. Baada ya hapo achague kiunzi kimoja kilichokomaa na akitumie kumaliza mradi mmoja mzima: kuubuni, kuujenga, kuuweka kwenye seva, kutengeneza nakala rudufu na kurekebisha kasoro zinazoripotiwa na watumiaji. Mradi uliomalizika hufundisha zaidi ya mafunzo matano yaliyoachwa katikati.

Hapo ndipo kiunzi kipya kinapopata nafasi. Njia ya haki ya kukipima ni kuchukua kazi moja ndogo unayoifahamu na kuifanya kwa kiunzi chako cha kawaida, kisha kwa kile kipya. Kazi hiyo inaweza kuwa daftari la chama cha wakulima wa vitunguu saumu: kusajili mwanachama, kupokea mzigo kwa kilo, kutoa risiti na kuonyesha jumla ya msimu. Baada ya wiki mbili, linganisha mambo manne: muda uliotumika, uzito wa ukurasa, hali ya ukurasa kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu, na idadi ya mambo uliyoshindwa kuyaelewa. Matokeo ya zoezi hilo yana uzito kuliko tangazo lolote.

Kuna hali ambazo kiunzi kipya kitashinda kipimo hicho, na hilo lisikataliwe kwa mazoea. React, Vue na Laravel vyote vilikuwa vipya wakati fulani, na waliovijaribu mapema kwa uangalifu walinufaika. Mtaalamu asiyejaribu chochote kipya hubaki na ujuzi wa miaka kumi iliyopita, na taasisi anayoihudumia hubaki naye huko. Tenga sehemu ya muda kwa majaribio. Usiyafanyie majaribio hayo kwenye taarifa za wagonjwa.

Kwa halmashauri na taasisi

Taasisi za umma zinaongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), na zinawajibika kufuata viwango na miongozo ya Mamlaka hiyo katika miradi ya TEHAMA. Mtendaji anayepokea pendekezo la mfumo mpya aanze hapo, na pia ajiridhishe kama mfumo wa kitaifa unaofanya kazi hiyo haupo tayari.

Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, Halmashauri ya Mji wa Mbulu na Halmashauri ya Wilaya ya Hanang', kama zilivyo halmashauri nyingine, zina tovuti zao. Tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilizinduliwa Machi 2017 zikiwa na muundo mmoja. Faida ya uamuzi wa namna hiyo ni kwamba ofisa TEHAMA anayehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine anakutana na zana anayoifahamu. Laiti kila halmashauri ingechagua kiunzi chake, kila uhamisho ungekuwa mwanzo mpya.

Pale ambapo mfumo wa ndani unahitajika, mkataba uweke wazi mambo yafuatayo: msimbo wote ni mali ya taasisi na unakabidhiwa, maelekezo ya kuuendesha yanaandikwa kwa Kiswahili, watumishi wasiopungua wawili wanafundishwa, na toleo la kiunzi linatajwa pamoja na tarehe ya kukoma kwa marekebisho yake ya usalama. Tarehe hiyo iingizwe katika mpango wa bajeti kama inavyoingizwa tarehe ya matengenezo ya gari. Mtoa huduma anayeshindwa kuitaja hajakijua kiunzi anachokiuza.

Kwa vijana waliojiunga katika vikundi, fursa zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vijana, asilimia 4 ya wanawake na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Tangu 2023, zabuni za umma hutangazwa kupitia mfumo wa NeST. Kikundi kinachokopa kwa ajili ya kazi ya mifumo kikumbuke kuwa mkopo una tarehe ya marejesho. Mwezi unaotumika kuandika upya kazi kwa sababu kiunzi kimebadilika ghafla ni mwezi usio na mapato.

Mahali pa kupata mwongozo

Kwa mafunzo ya karibu, Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi mjini Babati. Tume ya TEHAMA husajili wataalamu wa fani hii na kusimamia uendelezaji wa ujuzi wao. e-GA ina kituo cha utafiti na ubunifu jijini Dodoma, ambako wanafunzi na wahitimu wa vyuo hushiriki katika kazi za mifumo ya Serikali. Miongozo ya Mamlaka hiyo inapatikana katika tovuti yake, na kijana anayetaka kufanya kazi na taasisi za umma atanufaika kuisoma mapema kabla ya kuchagua zana.

Wazazi na walezi wanaogharamia mafunzo ya vijana wao wanashauriwa kuuliza jambo moja kabla ya kulipa ada: baada ya kozi hii, mwanafunzi atakuwa ametengeneza na kukabidhi kitu gani kinachofanya kazi? Kozi inayotaja jina la kiunzi pekee haijajibu swali hilo. Nao vijana wanaokamilisha mifumo yao wanakumbushwa kuijaribu kwa simu ya kawaida, nje ya mji, na kuanza kwa kuandika jina la Hanang' kama linavyoandikwa.